Kupandikiza nywele za kipilipili: FUT, FUE na kilichonifanya niamue

Tangu niseme kwamba napandikizwa nywele meseji haziishi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kaka ipi nzuri, FUE au FUT, wengine wanaongeza DHI na "safaya" na majina mengine waliyoyaona Instagram kwenye matangazo ya kliniki za Istanbul, Uturuki. Nimeona bora niandike hapa mara moja, manake jibu la mstari mmoja linaweza kumuumiza mtu. Matangazo mengi yale yanaonyesha watu wenye nywele za singa. Sisi wenye kipilipili tuna mambo yetu, na hayo mambo huyaoni kwenye picha ya kabla na baada.

Kwanza hayo majina. Njia za kutoa nywele kisogoni ni mbili tu. Kwenye FUT wanakata ukanda wa ngozi yenye nywele, upana kama sentimita moja hadi moja na nusu, urefu unategemea unahitaji nywele kiasi gani, wanashona pale walipokata, alafu ule ukanda unawekwa mezani na wataalamu wanauchambua chini ya hadubini kutoa vishina. Kishina kimoja kinakuwa na nywele moja mpaka nne, ndo zinavyoota kiasili. Kwenye FUE hakuna ukanda, daktari anatumia kijibomba chenye makali ya duara, kipenyo kama milimita moja au chini yake, anazungushia kishina kimoja kimoja na kukichomoa, mamia mpaka maelfu. Basi, hizo ndo mbili. DHI ni habari ya kupanda, wanatumia kalamu maalum ya kuingizia kishina kwenye ngozi lakini vishina vyenyewe vimetolewa kwa FUE ileile, na safaya ni blade za yakuti za kufungulia vitundu. Kwahiyo mtu akikuuliza uchague kati ya FUE na DHI ni kama anakuuliza uchague kati ya kung'oa miche kitaluni na kuipanda shambani, vyote viwili vitafanyika tu.

Na kwa nini wanachukua kisogoni? Kwa sababu nywele za kisogoni na pembeni haziathiriki sana na ile homoni ya DHT inayomaliza za mbele na za utosini, na ukizihamisha zinaenda na tabia yake. Hili alilieleza Norman Orentreich wa New York, alianza upasuaji huu 1952 na kuandika 1959, ingawa Mjapani Shoji Okuda alikuwa ameshaandika kuhusu kuhamisha nywele kwa vijibomba tangu 1939. Ila kile kisogo ndo akiba yako yote ya maisha. Kishina kikishatoka pale hakioti kingine, kikiharibika njiani umekipoteza, huku hujapata na kule hujabakisha.

Sasa hapo ndo kipilipili kinapoingia.

Nywele yetu haijikunji juu tu. Mzizi wenyewe umepinda ndani ya ngozi, na wa kila mtu umepinda kivyake. Mi nilikuwa nasikia tu mpaka siku ya majaribio, daktari alinipiga ganzi kwenye kipande kidogo cha kisogo, akatoa vishina vichache kwa FUE, akaviweka kwenye kisahani chenye maji ya chumvi akaniita niangalie kwenye hadubini. Vingine vimenyooka kiasi alafu mwishoni vinakata kona kama ndoana. Viwili vimekatwa katikati, kichwa kimetoka na mkia umebaki kwangu. Akaniambia angalia, kile kijibomba kinashuka moja kwa moja lakini mzizi wako hauendi moja kwa moja, nikishuka kwa pembe ya nywele inayoonekana juu nitaukata. Akabadilisha pembe, akachukua kijibomba kipana kidogo, hakushuka sana, vilivyofuata vikatoka vizima. Nikamuelewa kuliko video zote nilizokuwa nimeangalia.

Ndo maana kuna madaktari wanaosema mtu mwenye nywele zilizojikunja sana anafaa FUT. Hoja yao ina nguvu, kwa sababu ukanda ukiwa mezani mtaalamu anauona mzizi wote kwa hadubini na kufuata mkunjo wake, habahatishi, kwahiyo vishina vinavyoharibika ni vichache. Kama ingekuwa hesabu ya vishina tu ningeenda FUT bila kusita.

Lakini kuna keloidi. Yale makovu yanayovimba na kuendelea kukua kupita kidonda chenyewe, sisi watu weusi tunayapata zaidi ya watu wengine, na yanaenda na ukoo. Mdogo wangu alitoboa sikio likatoka donge, wakalikata likarudi kubwa zaidi. Shangazi analo kifuani. Daktari hata kabla hajagusa kichwa aliniambia vua shati, akaangalia kovu la chanjo ya BCG begani, akaangalia kifua, akauliza ndugu wa damu kama wana makovu ya hivyo, alafu akapapasa kisogo chini kabisa kwenye usawa wa kola akitafuta vile vipele vigumu wanavyopata wanaume wengi wakinyolewa karibu sana na ngozi. Vile vipele navyo ni kovu, na mtu mwenye navyo kuchezewa kisogo ni hatari. Ukienda kliniki na hawajakuuliza lolote kati ya haya, toka.

Kovu langu la BCG ni bapa, kidogo nikapumua. Ila kwa ukoo wangu kukatwa mstari mmoja mrefu kutoka sikio hadi sikio, tena ngozi imevutwa na kushonwa, hapana, mvutano wenyewe unachochea kovu. Alafu kuna suala la kunyoa. Mi nanyoa chini, namba moja, wakati mwingine sifuri, na nataka niendelee hivyo maisha yangu yote. Mstari wa FUT ukifunikwa na nywele za kama sentimita moja au mbili hakuna anayeuona, ukinyoa sifuri kila aliyekaa nyuma yako kwenye daladala anausoma.

Kwahiyo nimefanya FUE. Lakini nisieleweke vibaya, ile kauli ya "FUE haina kovu" ni uongo na inaniudhi kwa kweli, kwa sababu inauzwa kwa watu wanaoamini. Kila tundu ni kidonda, kila kidonda kinaacha alama, na kwenye ngozi nyeusi zile alama mara nyingi zinakuwa vidoti vyeupe. Wakitoa kwa mpangilio na kwa kiasi havionekani sana, wakitoa vingi sehemu moja kisogo kinabaki na mabaka. Na keloidi bado inaweza kutoka hata kwa FUE. Ndo maana ya yale majaribio, unatolewa vichache, vinapandwa vichache, alafu unasubiri miezi, siyo wiki, kuona ngozi inajibu vipi, manake keloidi haina haraka. Mi nilisubiri, ngozi ikatulia, ndo tukaendelea.

Kuna kliniki moja nje huko niliitumia picha moja tu ya paji la uso kwa WhatsApp, muda huohuo wamenijibu vishina 4,000, hoteli, gari la kunipokea uwanjani na punguzo nikilipia wiki hiyo. Hakuna aliyeuliza nywele zangu ni za aina gani. Nywele zetu kwa wastani zimeachana zaidi kisogoni ukilinganisha na za Wazungu, ukitoa 4,000 kwa kichwa kama changu unakaribia kumaliza akiba kwa mkupuo mmoja, na upara bado unaendelea. Wakati huohuo sisi hatuhitaji vingi hivyo, nywele ikijikunja inafunika eneo kubwa na rangi yake haipishani sana na ngozi, vishina vichache vinaonekana vimejaa. Hii ni neema yetu na watu wanalipishwa kana kwamba haipo. Sisemi Uturuki hakuna madaktari wazuri, wapo, tena hodari. Swali ni nani anayeshika kile kijibomba siku hiyo, daktari mwenyewe au fundi ambaye jina lake hulijui. ISHRS, chama cha kimataifa cha madaktari wa kazi hii, wamekuwa wakionya kuhusu hilo kwa miaka. Uliza jina, uliza ameshafanya vichwa vingapi vya kipilipili, omba picha za visogo siyo za mbele tu.

Dada zangu mnaouliza kuhusu nywele za mbele zilizoliwa na kusuka na wiving, kwenu jibu linaweza kugeuka kabisa. Kama ukoo hauna keloidi na nywele zako unaziacha ndefu, FUT inakufaa sana, mstari unafichika na hakuna haja ya kunyoa kisogo, na kwa kipilipili kilichokaza vishina vinapona vingi zaidi. Lakini kama zinaanza kudondoka katikati ya utosi, panawasha au panaungua, panazidi kutanuka, usiende kwa mpandikizaji kwanza. Nenda kwa daktari wa ngozi achukue kipande kidogo kipimwe. Kuna aina ya upara wa makovu inayowapata zaidi wanawake weusi, ukipandikiza ugonjwa ukiwa bado hai unakula na hizo mpya. Lazima utulizwe kwanza, na utulie muda mrefu. Na kusuka kwa kubana ni lazima muache, la sivyo mnapanda na kung'oa.

Wanaume, dawa hazikwepeki. Upasuaji unahamisha, hauzuii. Mi natumia minoksidili ya kupaka, na daktari ameniandikia finasteride, kidonge cha kupunguza ile DHT, miligramu moja, ambayo Marekani waliiruhusu kwa upara wa wanaume 1997. Wapo wanaopungukiwa nguvu za kiume wakiitumia, kwahiyo zungumza na daktari wako, usinunue tu duka la dawa, na mama mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika.

Kwa wanaosubiri picha, bado. Nilizopandikizwa zimeshadondoka karibu zote na hiyo ni kawaida, zinadondoka wiki za mwanzo, mizizi inabaki, zinaanza kuchipua kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na kipilipili kinachukua mwaka au zaidi kujaa vizuri. Nitaweka za kisogo pia, nimenyoa sifuri, mhesabu vidoti wenyewe.