Wadudu wa Mtoni

Mwaka ule masika yalichelewa kukatika, na mto wetu, nje kidogo ya Wete, ukabaki na tope zito. Jioni moja baada ya sala ya Magharibi, ukuta wa baraza ukajaa wadudu chini ya globu hata chokaa haionekani. Bibi akakimbilia kufunga madirisha. Majirani wakasema ni mbu, na kisiwa chetu kimezika watoto wengi kwa malaria; nani angewalaumu? Usiku ule ule vijana wakapata debe la oili chafu gereji, kukicha wakaimwage mtoni.

Mjomba wangu alikuwa akipiga dawa ya malaria nyumba kwa nyumba. Akamfunika mdudu mmoja kwa bilauri, akaniita.

"Tizama mdomo wake."

Ule mwiba mrefu wa mbu haukuwepo. Halafu alinyanyua miguu ya mbele, na mbu akitua hunyanyua ya nyuma.

"Huyu haumi, mwanangu. Hana cha kuumia. Ataishi siku chache, atage, afe."

Asubuhi tukateremka mtoni pamoja na sheha. Mjomba akachota tope la chini, akalisuuza kwenye sinia. Vikabaki vijumba vyembamba vya tope, na ndani yake mabuu wa wadudu wale, wekundu pyu, wakijipindapinda. Mama mmoja akapiga ukelele: "Damu ya wanetu hiyo!"

Mjomba hakumcheka, na hilo ndilo ninalomheshimia hadi leo. Alimweleza taratibu kwamba ni himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa mwilini, kama iliyomo katika damu yetu, ila mabuu hawa huitengeneza wenyewe, wapate kuishi ndani ya tope lisilo na hewa ya kutosha. Hupumua kwa ngozi, huko huko chini. Mabuu wa mbu hupumulia juu ya maji, ndiyo maana mafuta huwakaba.

"Mkimwaga oili, hawa hamtawapata," akawaambia vijana. "Mtawapata samaki."

Sheha akauliza, "Basi wana faida gani?"

Mjomba akaeleza kuwa hula majani yaliyooza na uchafu unaotuama, kisha akainamisha sinia ukingoni. Vidagaa vya mtoni vikawavamia mabuu mpaka maji yakachafuka. Sheha akatazama, akamgeukia kijana aliyebeba debe: "Lirudishe gereji." Akina mama akawaambia wazime taa za nje mapema, na vyandarua visiondoke vitandani, maana mbu wenyewe bado wapo.