Kikohozi kilichokuwa kwikwi: nilivyolijua neno moja la Kiingereza

Tafsiri ninazopewa mara nyingi ni karatasi ambazo hakuna anayezisoma kwa raha: fomu, maelekezo ya dawa, vipeperushi vya zahanati. Hii ilikuwa kurasa mbili za maelezo kwa watu waliotoka kupasuliwa tumbo. Kulikuwa na orodha ya mambo yanayoweza kumpata mgonjwa siku za mwanzo: kichefuchefu, kizunguzungu, koo kukereketa, halafu neno hiccough. Nikalitazama. Mkiani mwake kuna cough, na cough ni kikohozi, mtoto wa shule anajua. Nikaandika "kikohozi cha mfululizo" nikaendelea. Kamusi ilikuwa pale pale mezani. Sikuigusa, kwa sababu sikuwa na shaka yoyote.

Siku ya pili akanipigia muuguzi aliyepewa rasimu aipitie.

"Kaka, hiki kikohozi umekitoa wapi? Mtu mwenye mshono tumboni akikohoa mfululizo, sisi tunamwambia arudi haraka. Wewe umeandika ni jambo dogo, litaisha lenyewe."

Nikamsomea neno lile herufi kwa herufi. Kicheko.

"Si hikofu hiyo. Ni hikap. Kwikwi, kaka!"

Hikap nilikuwa nalijua. Nimelisikia miaka mingi, na kwenye maandishi nimeliona likiwa hiccup. Sikuwahi kufikiri kwamba hiccough ni neno hilo hilo limevaa kanzu nyingine, na kwamba yote mawili hutamkwa sawasawa. Aibu ilinishika, lakini udadisi ukazidi. Jioni nikakaa na makamusi kuchunguza kikohozi kiliingiaje humo ndani.

Kumbe hakikuwemo. Neno lenyewe ni mwigo wa sauti tu, kama pikipiki au nyau. Katika karne ya 16 Waingereza waliliandika kila mtu na lake: hicket, hickock, hickop. Kinachobaki palepale ni ile hik ya mwanzo, mlio wenyewe unaomtoka mtu. Majirani zao nao waliusikia hivyo hivyo: Mholanzi anasema hik, Mswidi hicka. Kisha katika karne ya 17 wakajitokeza walioona silabi ya mwisho haina maana, wakajiambia bila shaka ni cough iliyoharibika, wakaliandika hiccough. Kalamu ikabadilika, ulimi ukakataa. Mpaka leo wanaandika kikohozi na kutamka hikap. Kamusi kubwa ya Oxford iliwahi kusema wazi kwamba tahajia hiyo ni kosa tu na inafaa iachwe. Haikuachwa. Nilifarijika kidogo, maana shimo nililotumbukia lilichimbwa na wenye lugha wenyewe.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni cough yenyewe. Nayo ni mwigo. Zile gh za mwisho zinazotutesa shuleni (cough ni kof, though ni dho, bough ni bau) zamani zilikuwa na sauti yake, ile kh ya kooni ambayo mtu wa pwani huitoa bila taabu akisema "sabalkheri". Kwa hiyo Mwingereza wa karne ya 14 alipolitaja neno hilo, lilikaribia kuwa kikohozi kamili. Baadaye kh ikageuka f, na mlio ukapotea. Sisi na kohoa yetu tumebaki karibu zaidi na koo, na hatukuazima kwao. Koo la binadamu ni lile lile kila mahali.

Tena mambo haya mawili mwilini yanakwenda kinyume. Unapokohoa, koo linajifunga, hewa inabanwa kifuani, kisha inafyatuka nje. Kwenye kwikwi, kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinashtuka ghafla na kuvuta hewa ndani, na kabla haijafika mbali nyuzi za sauti zinaifungia mlango. Yote hayo kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Ule mlango unapojibamiza ndiyo hik yenyewe. Mimi nilikuwa nimewaandikia wagonjwa kinyume kabisa cha kilichokusudiwa.

Nikidhani nimemaliza, nikaandika "kwikwi" na kumpigia bibi huko Pangani, nimsomee nione kama inaeleweka. "Shikamoo bibi. Ukisoma kwamba mgonjwa anaweza kupata kwikwi, unaelewaje?"

"Marahaba. Naelewa analia," akasema. "Kwani maumivu ni makali hivyo?"

Ni kweli. Mtu hulia kwikwi, ule mlio wa kukatikakatika baada ya machozi. Hata Kilatini kiko hivyo hivyo: singultus, neno ambalo madaktari wanaandika mpaka leo kwa hali hii, kwa Warumi lilikuwa pia kilio cha kukatika pumzi. Bibi mwenyewe anaita kekevu, na dawa yake ni ile ya watoto wachanga, kipande cha uzi kilicholowanishwa mate kinabandikwa kwenye paji la uso. Kekevu ni neno tamu, ila niliogopa msomaji wa bara angelikwama nalo. Mimi na muuguzi tukakubaliana kuandika "kushikwa na kwikwi", maana kilio hakimshiki mtu kwa namna hiyo, tukaongeza "ikipita siku mbili mwambie muuguzi". Bibi akasomewa tena, akasema sasa sawa.

Juzi nimeletewa ripoti ya mradi wa maji. Mwenyewe alikuwa ameshaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, akataka nisafishe tu. Ukurasa wa nne unasema mradi "ulianza ukiwa na kwikwi chache". Waingereza wakisema hivyo wanamaanisha mambo yalikwama kidogo yakatatuka, basi nikaandika "ulianza kwa kukwamakwama". Kabla sijafuta nikaipiga picha ile sentensi nikamtumia yule dada muuguzi. Alijibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde moja: hik!