Siku moja maishani mwangu: kuhesabu mbu wenye malaria

Saa 1 asubuhi navaa koti na glovu, napita mlango wa kwanza, naufunga, ndipo nafungua wa pili. Chumba cha mbu kina nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80. Jasho linanitoka kabla sijashika kitu.

Saa 2 nabadilisha pamba za maji ya sukari, nahesabu waliokufa usiku, naandika.

Saa 4 nalisha kundi jipya. Damu yenye gametosaiti, yaani vimelea vinavyosubiri kunywewa na mbu, inakaa kwenye kikombe cha kioo kinachozungukwa na maji ya nyuzi 37, na chini yake kuna utando. Majike wa Anofelesi niliowanyima sukari tangu jana wanaudunga kama ngozi. Kundi la kulinganisha linapata damu ileile, ila imepashwa moto mpaka gametosaiti zimekufa. Bila kundi hilo siwezi kusema kimelea ndicho kilichoua, wala si mikono yangu.

Maana mbu naye huumia. Wengi humdhania chombo tu cha kubebea malaria. Ndani ya siku moja hivi vimelea hutoboa ukuta wa utumbo wake, na seli zilizotobolewa hufa. Mara nyingi mayai hupungua, na katika majaribio mengine vifo huongezeka mapema.

Saa 7 mchana napasua kundi lililo siku ya 8 tangu linywe damu. Sindano mbili, tone la maji ya chumvi, navuta ncha ya tumbo taratibu mpaka utumbo utoke mzima. Natia rangi, naweka chini ya hadubini, nahesabu oosisti: viduara vya vimelea vinavyokua kwenye ukuta wa utumbo, vyenye punje nyeusi. Mbu wa kumi, wa ishirini. Shingo inakaza, macho yanawasha.

Kikombe namba 6 kiliingia mbu 40. Daftari linasema 11 walikufa. Nimepasua 28. Jumla 39.

Nahesabu tena. 39. Hakuna kufungua mlango mpaka apatikane, ingawa siku ya 8 sporozoiti, yaani vimelea vinavyomwambukiza mtu mbu anapouma, hazijafika kwenye tezi za mate. Namulika kuta kwa tochi, nakagua dari, mikunjo ya neti, mikono ya koti langu. Nageuza kila pamba. Sijui saa ngapi sasa. Kiu imenikausha koo na mgongo unauma. Mwishowe nabandua karatasi ya chini ya kikombe, iliyojikunja ukingoni. Yupo, mbawa zimegandia kwenye unyevu, amekauka.

Huyu ndiye anayeniuma zaidi. Kama waliolemewa na vimelea ndio hufa kwanza, basi hao 28 nilioweza kuwasoma ni wale waliostahimili, na oosisti za waliokufa hazimo kwenye hesabu yangu.

Nafuta 11, naandika vifo 12. Safu ya oosisti kwa mbu wa 40 naiacha tupu.