Sentimita 3.4

Juzi kitinda mimba wetu alikuwa sebuleni na gololi zake. Akapiga moja, ikaigonga nyingine, ikasimama palepale. Iliyogongwa ikakimbilia chini ya kabati.

"Baba, mbona aliyegonga kasimama, asiye na kosa ndiye anakimbia?"

Nilitaka kumweleza habari ya momenta, yaani tungamo mara kasi, ambayo vitu vikigongana haipotei, huhama tu kutoka kimoja kwenda kingine. Nikaukumbuka ule utepe, nikanyamaza.

Kidato cha tatu. Vigari viwili vya mbao, kila kimoja kilo 1; kimoja na sindano mbele, kingine na kizibo laini nyuma, ili vikigongana vinase na kwenda pamoja. Ubao tumeuinua upande mmoja kwa vitabu kupunguza makali ya msuguano. Utepe wa karatasi umefungwa nyuma ya kigari, unapita kwenye mashine inayogonga nukta 50 kwa sekunde, kelele zake kama nyuki ndani ya debe.

Tukasukuma. Tak! Vikanasa. Nafasi kumi za nukta kabla ya kugongana: sentimita 8. Baada ya hapo tungamo limekuwa maradufu, kasi ilitakiwa ibaki nusu, yaani sentimita 4. Tukapima: 3.4. Tukageuza rula: 3.4.

Mashine ilikuwa moja, foleni ndefu. Nikaandika 4.0, tena kwa wino, na chini yake: "Momenta imehifadhiwa." Kisha, kwa unadhifu wangu wa kijinga, nikaubandika utepe wenyewe kwenye daftari.

Mwalimu hakusoma maneno yangu. Alichomoa rula mfukoni mwa shati, akailaza juu ya utepe, sifuri kwenye nukta ya kwanza. Akaanza kuhesabu, ukucha wa dole gumba ukiruka nukta hadi nukta. Moja. Mbili. Tatu. Mashine ilikuwa imezimwa. Nilikuwa naomba dua, sijui ya nini hasa, labda nukta zihame. Ukucha ukafika kumi, ukatulia hapo. Namba hakuitaja.

"Msuguano umeuweka wapi?"

"Nimeuondoa, Mwalimu."

"Kwa kalamu?"

Darasa likaangua kicheko. Tukapewa 4 kati ya 10. Waliopata 3.5 wakaandika 3.5 walipewa 9. Meza ya nyuma waliandika 4.0, wakasema utepe wao umepotea, wakapewa 10.

Mmoja wao leo ni mhandisi wa madaraja.