Mwanangu alivyoanza kusema kwa mikono

Kabla mwanangu hajatamka neno linaloeleweka, tayari alikuwa anaomba maji, anakataa uji na kunionyesha panapomuuma, yote kwa mikono. Nimeulizwa sana tulifanyaje, wengine wakidhani kuna mahali tulimpeleka kufundishwa. Hakuna. Yote yalifanyika hapa hapa nyumbani, Dar.

Wazo lilitoka kwa wifi yangu, ambaye ni kiziwi. Akija kwetu hukaa mkekani na mtoto, na nilikuwa naona wanavyoelewana kuliko mimi niliyemzaa. Anamtazama usoni, anasubiri mtoto naye amtazame, ndipo mikono inaanza. Hilo la kusubiri lilinichukua muda kulizoea, maana mimi ni mtu wa kuongea na mtoto huku nageuza samaki kwenye kikaango.

Tulianza akiwa na miezi 7, alama tatu tu: kunyonya, maji na basi. Kunyonya ni kufumba na kufumbua ngumi. Maji ni kidole gumba kuelekezwa mdomoni. Basi ni kugeuza viganja viwili, vile tunavyofanya sote kuonyesha kitu kimekwisha. Nilichagua vitu anavyovililia kila siku. Wanyama, rangi na mengine ya kufurahisha wageni niliyaweka kando; mtoto wa umri ule hakuamshi saa nane za usiku ili akuambie habari za twiga.

Kila nikitaka kumnyonyesha nilifumba na kufumbua ngumi mbele yake nikisema "nyonya", kisha nikampa papo hapo. Sikumnyima ili kwanza ajibu. Mdomo na mkono vilikwenda pamoja, na nyumba nzima ilitumia alama zile zile. Mchana nikiwa kazini alikuwa na dada, kwa hiyo bila dada tusingefika popote. Yeye alizishika siku ile ile. Baba mtu alihitaji kukumbushwa.

Wiki zikapita, mtoto anatutazama tu. Alipokaribia miezi 10, jioni moja dada anamlisha uji, kijiko kiko karibu na mdomo, akageuza uso pembeni. Kisha akainua mikono yote miwili, mmoja umejaa uji hadi kwenye kifundo, akageuza viganja. Dada akarudisha kijiko bakulini. Mtoto akamwangalia dada, akaangalia kijiko, akageuza viganja tena, safari hii anacheka. Nadhani hapo ndipo alipogundua kuwa anaweza kumwamrisha mtu mzima.

Baada ya hapo alama zilikuja haraka, na nyingine akazitunga mwenyewe. Feni ya sebuleni aliipa kidole kinachozunguka hewani. Kesho yake tairi la bajaji likapata kidole hicho hicho, halafu chapati inayosukumwa, halafu mashine ya kufulia ya jirani. Hakuna aliyemfundisha kwamba vitu hivyo vinafanana.

Bibi yake hakupendezwa. "Mwanangu, mtamlemaza ulimi huyu," aliniambia, na hakuwa peke yake kwenye hofu hiyo. Sikubishana naye, ila nilitafuta kusoma. Uingereza, Elizabeth Kirk na wenzake waliwafuatilia watoto 40 tangu wakiwa na miezi 8 hadi 20, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo: waliofundishwa alama hawakuchelewa kusema, wala hawakuwatangulia wenzao. Ila mama zao walikuwa wepesi zaidi kusoma vile mtoto anavyojieleza bila maneno. Hilo la mwisho nimeliona kwangu. Wanaouza kadi na vitabu kwa ahadi kwamba mtoto atakuwa na akili za ajabu, huko mimi simo. Nilitaka kilio kipungue, nacho kikapungua.

Faida kubwa tuliipata kwenye maumivu. Tulimzoesha kuweka kiganja mahali panapomuuma, na kila akijigonga tulifanya naye. Usiku mmoja akaamka analia, titi hataki, maji hataki, mwili haujachemka sana. Nikamuuliza kwa mkono wapi. Akabandika kiganja kwenye sikio la kushoto na hakukitoa. Asubuhi tulikwenda kliniki, daktari akachungulia, sikio lilikuwa na maambukizi. Pengine angeligundua hata hivyo, lakini sisi tulifika tukijua pa kumwonyesha.

Wifi yangu hupenda kunikumbusha kwamba haya yetu siyo lugha ya alama. Yao ina sarufi yake, utani wake na matusi yake. Sisi tuna vijialama vya jikoni. Ana haki. Mtoto asiyesikia anastahili lugha kamili tangu mapema, siyo alama za uji na maji, na mzazi mwenye wasiwasi na masikio ya mwanawe aende akapimwe badala ya kuniiga mimi. Mimi mwenyewe sasa najifunza kwake, polepole, na ananicheka.

Mtoto sasa ana miaka 2 na anaongea hadi tunamwomba apumzike. Alama zimepotea moja moja: maji ilitangulia, kunyonya ikaondoka alipoachishwa ziwa. Akiwa na shangazi yake mikono inarudi yote. Basi anaitumia bado mezani, mdomo ukiwa umejaa ugali, na bibi yake anaielewa kuliko sisi sote.