Pipa la kusimama: jiko la moshi kwa mchomeleaji anayeanza

Jumamosi, baada ya magharibi

Pipa liko uani, limeshapigwa brashi ya waya, na kesho ndiyo siku ya moto. Nayaandika haya usiku huu kwa ajili ya yeyote anayetaka kutengeneza jiko la moshi, la kuivisha nyama polepole kwa moshi, kwa vyuma chakavu huku mkono wake wa kuchomelea ukiwa bado haujatulia. Ushauri mwingi anaopewa mtu wa namna hiyo unahusu mshono: uwe mnyoofu, uwe na mawimbi yaliyolingana. Nikilitazama pipa hili naona sehemu zinazodai mshono mzuri ni chache mno. Kinachoamua nyama itaivaje ni hewa: inaingia kiasi gani chini, inatoka kiasi gani juu, na kama ipo inayopenya mahali isipotakiwa.

Wengi huanza na pipa la kulala kwa sababu ndilo tulilozoea kuliona kwenye mabanda ya nyama choma, limepasuliwa kwa urefu, bawaba nyuma na mpini mbele. Kwa kuchoma juu ya makaa linafaa kabisa, maana hapo mfuniko hauna kazi kubwa. Kwa moshi ni mtihani. Bati la pipa lilikunjwa kiwandani na bado lina nguvu ya kutaka kunyooka. Ukilikata kwa urefu kingo hutanuka, na mlango ulioutoa haukai tena vizuri mahali pake. Mafundi wazoefu hukata kwanza upande wa bawaba peke yake, wakazichomelea bawaba, kisha ndipo wakakata pande tatu zilizobaki na kuzungushia fletibaa (chuma bapa) ili kuziba mwanya. Hiyo ni mishono mirefu juu ya bati jembamba, kazi ngumu kuliko zote kwa anayeanza. Pipa la kusimama halidai mlango. Lina umbo, lina mfuniko, na unachokata ni matundu ya duara tu.

Pipa la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 57 hivi kwa ndani na kimo cha sentimita 88. Bati lake ni la milimita 1 hadi 1.2, na ukiona ni jembamba zaidi ya hapo liache. Tafuta lililokuwa na mafuta ya kula au juisi nzito, na kama unaweza, lile lenye mfuniko mzima unaofungwa kwa mkanda wa chuma, kwa sababu halihitaji kukatwa juu. Lililobeba petroli, thina, dawa za mimea au kitu usichokijua usilinunue hata kwa bei ya bure. Pipa linaloonekana tupu hubaki na mvuke, na cheche moja ya grenda inatosha kulilipua. Hata la mafuta ya kula lifunguliwe vizibo vyote viwili, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, na kama lazima ulikate, lijazwe maji hadi chini kidogo ya mstari wa kukata.

Ndani mara nyingi kuna rangi ya dhahabu au nyekundu ya kahawia. Hiyo ni koti ya plastiki ngumu na haitoki kwa msasa. Inatoka kwa moto wa kuni, mkali, wa saa mbili au tatu, baada ya matundu ya hewa kutobolewa ili moto uvute. Simama upande unakotoka upepo, moshi wake si wa kuvuta. Ukisugua na bado unaona wekundu unaong'aa, washa tena. Hapa watu wengi hukata tamaa mapema, na nyama ya kwanza inanuka gundi.

Sasa hewa. Chini, sentimita 5 kutoka kitako, weka paipu nne za inchi 3/4, kila moja urefu wa sentimita 10, kwa nafasi sawa kuzunguka pipa. Kipenyo cha nje cha paipu hiyo ni milimita 27, hivyo toboa kwa msumeno wa kutobolea matundu ya duara wa saizi hiyohiyo. Tatu zifungwe kwa vifuniko vya nati, ya nne iwe na koki ya shaba ya kugeuza robo mzunguko. Uwazi wa ndani wa kila paipu ni kama sentimita za mraba 3.5, kwa hiyo zote nne ni 14. Juu, kwenye mfuniko, bomba moja la inchi 2 lina uwazi wa kama 21. Njia ya kutokea isiwe ndogo kuliko ya kuingilia, la sivyo moshi unakwama ndani na kuacha utando mweusi mchungu juu ya nyama. Mapipa ya vizibo viwili yana tundu la inchi 2 na jingine la inchi 3/4, yote na nyuzi zake tayari. Lile kubwa linaweza kupokea bomba lenye nyuzi bila mshono wowote, bahati ambayo wengi huipita wakaenda kutoboa tundu jipya.

Paipu ziwe nyeusi. Zile zinazong'aa za maji zimepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo inageuka moshi mweupe kabla mshono haujaanza kushika. Ukiuvuta, baada ya saa kadhaa unapata homa, kutetemeka na maumivu ya mwili, na ni rahisi kudhani ni malaria. Maziwa hayazuii chochote, ingawa kila karakana ina mtu atakayekuambia unywe. Vivyo hivyo usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukakichomelea. Mwanga na joto la kuchomelea huigeuza kuwa gesi ya fosjini, sumu inayoua. Maji na sabuni vinatosha, kisha acha chuma kikauke.

Nakuja kwenye kuchomelea kwenyewe. Paipu ina ukuta wa milimita 2.6, bati 1.2. Rodi (kijiti cha kuchomelea) ya aina ya 6013 ya milimita 2.5 ndiyo inayopatikana kila duka, lakini kwa pipa tafuta ya milimita 2 na uanzie ampea 45 hadi 55. Kama mashine yako ni inveta (ile ndogo ya kielektroniki yenye ncha za chanya na hasi), weka rodi kwenye hasi, bati halitatoboka kirahisi. Kabla ya kugusa pipa, jaribu kwenye kipande cha bati lilelile mpaka upate mshono wa sentimita 3 usiotoboa. Umeme wa nyumbani ukifika kupitia waya mwembamba wa mita 20, mashine inanyimwa nguvu na rodi inanata kila unapogusa, na anayeanza hujilaumu mkono. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, na uwe mfupi iwezekanavyo. Rodi zilizokaa wazi kwa unyevu wa pwani nazo hunata na kuacha vitundu kama vya andazi, hivyo zihifadhi kwenye kopo lililofungwa.

Shikisha paipu kwa nukta nne, juu, chini, kulia, kushoto. Halafu usizunguke kwa mshono mmoja. Elekeza mwali kwenye paipu, chuma kinene, uache uji wa chuma ukue, kisha uvute kidogo uguse bati na urudi. Sentimita moja, inua, subiri wekundu upotee, hamia upande wa pili. Tazama uji, acha kuutazama mwali. Uji ukianza kuzama katikati kama kitovu, inua rodi papo hapo, kwa sababu sekunde inayofuata ni tundu. Na likitokea tundu, usilijaze ukiwa na hasira kwa ampea zilezile. Punguza, weka nyuma yake kipande cha shaba (bomba la kiyoyozi kibovu, likigongwa bapa na kukunjwa mara tatu, linafaa sana), kisha ujaze kutoka kingo kuja katikati. Chuma hakishiki kwenye shaba, kwa hiyo ukimaliza shaba inatoka.

Kofia ya kuchomelea iwe na kioo cheusi namba 10. Miwani ya jua haizuii kitu, na kila ninapomwona kijana anachomelea nayo pembeni ya barabara naumia moyoni, maana macho yake yatamwashia usiku wa manane kama yamejazwa mchanga. Watoto wa jirani nao hawana kofia, basi simamisha ubao kati ya kazi na uwanja.

Wavu wa kuwekea nyama ndio shule yenyewe. Kunja nondo laini ya milimita 10 iwe duara la kipenyo cha sentimita 55. Inahitaji mita 1.73. Juu yake panga vyuma vya mviringo vya milimita 6, kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine sentimita 2. Vinaingia 26, jumla ya mita 11 na ushee, yaani vipande viwili vya mita 6 vinatosha. Hiyo ni mishono midogo 52 kwenye chuma kisichotoboka kirahisi, na kufikia wa thelathini mkono unakuwa umeanza kuelewa. Anza katikati, kisha kimoja kulia na kimoja kushoto. Ukienda mfululizo kutoka upande mmoja, duara linajikunja kama karatasi iliyolowa na halitakaa sawa ndani ya pipa. Nondo za mistari ziepuke, mafuta huganda kwenye mistari na brashi haifiki.

Wavu huo hukaa juu ya boliti nne za M8 (unene wa milimita 8) za chuma cha pua, sentimita 18 chini ya ukingo. Boliti, si vipande vilivyochomelewa. Nasema hivyo bila kusita hata kama mtu ana hamu ya kutumia mashine, kwa kuwa bati jembamba lililobeba uzito kwa mshono mdogo hupasuka pembeni ya mshono. Kapu la mkaa litengenezwe kwa wavu mzito wa chuma usio na zinki, kipenyo sentimita 36, kimo 25, na miguu ya sentimita 8 ili jivu lidondoke bila kuziba hewa. Linachukua kilo tano hivi za mkaa.

Usiku kama huu ndio wakati wa kukagua. Washa tochi ndani ya pipa, funika, zima taa za uani, kisha zunguka polepole. Kila penye uvujaji panaonekana, kitundu hapa, uzi wa mwanga chini ya paipu pale. Vitundu vya ncha ya sindano viache, masizi na mafuta vitaviziba baada ya mioto michache. Kinachozidi kichwa cha kiberiti kirudie kwa rodi. Ukingo wa mfuniko ukionyesha mwanga mrefu upande mmoja, gonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, mpaka upotee.

Kesho basi: paka mafuta ya kula ndani kote, utando mwembamba, na moto wa nyuzi 150 au zaidi kwa saa tatu, bila nyama. Nje, rangi ya kuhimili joto pekee.

Kuliwasha kwa ajili ya kupika, watu hukosea kwa kuwasha mkaa wote. Chekecha kwanza chenga zitoke, zinaziba hewa. Jaza kapu kwa mkaa usiowashwa, fukia humo vipande vitatu au vinne vya kuni kavu ya mwembe, mpera au mchungwa vya ukubwa wa ngumi, kisha mwaga katikati vipande kumi tu vilivyokolea. Moto utatambaa wenyewe. Fungua zote nne mpaka nyuzi 90, funga mbili, na ukikaribia 110 bakiza koki peke yake. Lengo ni kati ya 110 na 130, ikipimwa penye wavu. Kipimajoto cha kwenye mfuniko kinasoma joto la juu, na nyama haiko huko. Ukiuacha moto ukafika 180, kuushusha huchukua nusu saa na zaidi hata ukifunga kila kitu. Wakati wa kusi geuza pipa ili koki isitazame upepo.

Moshi mweupe mzito wa mwanzo uache upite ndipo uweke nyama. Unaotakiwa ni mwembamba, wa samawati, unaoonekana vizuri dhidi ya kitu cheusi. Mkaa wetu mara nyingi una vipande visivyoiva, hivyo kusubiri dakika arobaini si ajabu. Nyama ya kwanza iwe kuku, nyuzi 74 kwenye paja, saa mbili na nusu hadi tatu. Kidari cha ng'ombe wa kienyeji kina mafuta machache na hukauka, kwa hiyo bega la mbuzi ndilo linalovumilia makosa ya moto zaidi: saa tano au sita, mpaka mfupa utikisike ukiuvuta.

Ukimaliza, funga hewa zote na ziba bomba la juu kwa kopo. Mkaa uliobaki utazimika na utautumia tena. Asubuhi yake toa jivu lote. Likilala kwenye kitako likanyonya unyevu wa bahari, linakula bati kutoka ndani, na tundu la kwanza hutokea pale chini kwenye kona, nyuma ya mguu wa kapu, mahali pagumu kuliko pote kuingiza rodi.