Siku moja ya fundi piano, Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko steji ya matatu Kangemi na mkoba mgongoni: spana ya kukazia pini za nyuzi, vipande vya mpira, ukanda wa felti, tochi, na uma wa chuma ambao ukiugonga hutoa noti A, mitetemo 440 kwa sekunde. Asubuhi ni piano za shule moja huko Karen. Penseli na sarafu chini ya vibonye, nyundo zilizolegea, basi. Saa nne nimemaliza.

Nataka watu waielewe kazi hii ya kuweka sawa sauti za piano, maana wengi huniambia, "Kumbe ulishindwa kupiga." Sikushindwa. Nilifika gredi ya nane ya mitihani ya piano, nikapiga mbele ya watu, wakashangilia. Ila nikiwa jukwaani masikio yangu yalikuwa ndani ya sanduku la piano, yakifuatilia uzi ulioshuka sauti. Nilikuwa na miaka 19 nilipokubali kwamba hicho ndicho nikipendacho. Mama alilia. Ada aliilipa kwa kuuza mitumba Gikomba.

Saa tano, Lavington. Askari ananiweka getini nusu saa nzima kwa kuwa mwenye nyumba yuko kwenye simu. Nikiingia naambiwa wageni wanakuja saa nane, nifanye haraka. Piano ni nzuri, lakini haijaguswa tangu inunuliwe na sauti yake imeshuka karibu nusu toni, yaani hatua ya kibonye kimoja hadi kinachokifuata. Namweleza kwamba ina nyuzi zaidi ya 200, na zote pamoja huvuta fremu ya chuma kwa nguvu ya tani nyingi. Ukikaza za upande huu, zile ulizomaliza zinashuka tena. Lazima nipite mara mbili, kwanza kuipandisha, kisha kuiweka sawa.

"Wewe msichana, aliyekuja kwa jirani alitumia dakika arobaini."

"Ya jirani haikuwa imeshuka hivi, mama."

Kibonye kimoja cha katikati hugonga nyuzi tatu. Naziba mbili kwa mpira, naiweka sawa iliyobaki, kisha nafungua ya pili: wau, wau, wau, sauti zikipishana. Nasukuma spana kidogo tu, pungufu ya unene wa ukucha. Ile wau inarefuka, inarefuka tena, halafu inanyooka. Hapo hapo blenda inawaka jikoni. Naanza upya. Namwomba aizime, anazima, baada ya dakika tano televisheni inawashwa. Kisha anakuja kusimama nyuma yangu.

"Kwani simu haina programu ya kufanya hii kitu? Na mbona unagonga noti moja tu kama mtoto?"

Programu ninayo. Hunionyesha pa kuelekea, lakini haikazi pini, wala haijui kwamba pini hii imelegea kwenye mbao na itarudi nikiiachia. Hilo hulisikii kwa sikio, ni kifundo cha mkono kinachokuambia. Saa nane na robo wageni wameketi, mimi bado niko oktava ya juu kabisa, bega linawaka moto. Tulikubaliana elfu saba. Kwenye M-Pesa zinaingia elfu tano. "Nitakumalizia mwisho wa mwezi, mwanangu." Naondoka huku mgeni mmoja akipiga wimbo wa kanisani, na sebule nzima imenyamaza kumsikiliza. Hiyo ni kazi yangu, na ilistahili elfu saba.

Chapati maharagwe nikiwa nimesimama. Jamu ya Waiyaki Way.

Ukumbini nafika jioni, saa sikuitazama. Leo ni orkestra, na konserto ya piano ya mtunzi Schumann, yaani muziki wa piano moja ikisindikizwa na orkestra. Mvua za Aprili zimeanza: mbao hunywa unyevu, ubao wa sauti huvimba, noti za katikati hupanda. Nazishusha moja moja. Orkestra ikiwa peke yake hufuata A ya obo, ala ya kupuliza, lakini piano ikiwepo, hata obo huifuata piano, kwa kuwa piano haibadiliki papo hapo. Usiku huu wote, kuanzia besi hadi filimbi, watajipanga kwa nyuzi nilizokaza mimi.

Mpiga piano ni kijana ambaye simtaji jina. Tulijuana mwaka jana aliponiuliza nimebadilisha nini kwenye F ya juu. Alikuwa amesikia. Hakuna mwingine aliyewahi kusikia. Ndiye aliyenisimulia habari za Robert Schumann na Clara: babake Clara alikataa, wakaenda mahakamani, wakaoana mwaka 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Konserto hii aliyeipiga mara ya kwanza, Dresden mwaka 1845, ni Clara. Anaipenda sana hadithi hiyo, na amekuwa akitaka tupige pamoja, mikono minne, watu watuone. Leo ameomba tena. Nikamwambia nililokuwa nikilimeza: jukwaa silitaki. Nataka kuwa huku ndani, na anipende nikiwa huku.

Alinyamaza. Kisha akaketi, akapiga noti moja moja kutoka chini kwenda juu, akingoja kila moja iishe yenyewe. Akasimama kwenye moja. "Hii inapepea." Kweli, uzi wa kushoto. Nimeurekebisha yeye akinishikia tochi.

Konserto nimeisikiliza nikiwa nyuma ya pazia, miguu imevimba. Sehemu ya pili piano na ala za nyuzi za orkestra hujibizana taratibu, na hapo uzi uliopotoka hauna pa kujificha. Hakuna uliopotoka.

Sasa tunasubiri matatu, yeye na suti yake. Jumamosi nina piano ya kanisa Nakuru. Ameuliza kama anaweza kuja. Nimemwambia ile piano ina kiota cha panya na itachukua siku nzima. Anakuja.